Gesi Iliyokaa Mkekani

Tangu nirudishe ufunguo wa kabati langu la vyombo, vijana wa karakana mmekuwa mkinijia hapa Utange mmoja mmoja. Mnajifanya mmekuja kunijulia hali, mnakunywa chai, mnasifu migomba yangu, kisha mkiwa mmeshasimama kuaga mnauliza: "Hivi mzee, mtungi ukinuka lakini hauonyeshi pa kuvuja, unafanyaje?" Chai yangu imekwisha na majibu nimeyarudia mpaka mke wangu anaweza kuyatoa mwenyewe. Kwa hiyo nimeona niandike. Someni, kisha mje mninywee chai bila visingizio.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Vyeo vilikuja vimechelewa na havikunifunza kukaza hata nati moja. Nitaandika nilivyofunzwa kunusa.

Niliingia karakana ya Changamwe wakati wa vita. Ilikuwa mabati tu kando ya reli, na magari ya jeshi yalipanga foleni nje kama wagonjwa. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya uhunzi kwa mjomba wangu, nikajiona najua. Aliyepewa kunisimamia ni Fundi Athumani, mtu wa Mvita wa asili, mnene, mwenye kofia ya vito nyeupe ambayo sijui aliilindaje na masizi. Nilimsalimu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Jana usiku ulikula nini?"

Nilidhani ananijali. "Wali na mchuzi wa kuku, fundi."

"Ulitiwa kitunguu saumu?"

"Kidogo."

"Basi leo utafagia."

Nikafagia mpaka jioni, nikiwaza huyu mzee ana ugomvi gani na kuku wa mama yangu. Kesho yake ndipo aliponieleza. Siku zile tulichomelea vyuma kwa gesi ya mawe: mawe ya kabaidi unayatia katika pipa lenye maji, yanatokota, gesi inapanda kwenye mpira hadi mkononi mwako. Gesi ile inanuka saumu. Sasa mtu aliyekula saumu atajuaje kama kinachonuka ni mpira uliopasuka au ni mdomo wake mwenyewe? Kwa Fundi Athumani pua ilikuwa chombo cha kazi kama spana, na spana huipaki mafuta ya samaki kabla ya kuishika. Ndiyo maana siku inayofuata Idi hatukupima kitu. Karakana nzima ilinuka pilau, Waislamu waliopika na sisi Wakristo tuliokwenda kuila. Fundi alikuwa akituangalia mlangoni anatikisa kichwa: "Hapana pua hapa leo. Kazeni magurudumu."

Pua ilikuambia kuna gesi. Haikukuambia iko wapi. Kwa hilo tulikuwa na sabuni na mswaki. Sabuni ni ya mche, ile ile ya kufulia, tunaikwangua kwa kisu ndani ya bakuli. Mswaki ni kijiti kipya, unakitafuna ncha mpaka kinakuwa nyuzinyuzi, na hakuna brashi ya dukani inayoingia nyuma ya nati kama hicho. Maji ni ya mvua tu, kutoka pipa lililokuwa chini ya mfereji wa bati, na ole wake anayenawa mikono humo. Unachovya, unapaka kwenye kiungo, unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Vijana mnapaka, mnapiga mluzi mara moja, mnasema "pazima hapa." Kiungo kinachovuja kidogo hakina haraka kama nyinyi. Povu lake linaanza kama kichwa cha sindano, ukipepesa macho limekupita.

Najua pia wapo kati yenu wanaopima kwa kiberiti. Msibishe, nimewaona. Alikuwapo mwenzetu mmoja wa namna hiyo, mtu hodari kwa kila kitu kingine, akapima mpira kwa kijiti cha kiberiti na akapaona panapovuja mara moja, bila kutumia sabuni hata kidogo. Tangu siku ile tulimwita Bwana Nyusi, kwa sababu hakuwa nazo. Zilipoota tena zilikuwa haba, na jina likabaki.

Vita vilipokwisha, afisa mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao aliacha trela la kulala. Watu wa misheni walilichukua, wakatuletea tulitengeneze. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona kitu kama kile: nyumba ndogo juu ya magurudumu mawili, ina dirisha, ina kabati, ina jiko la mafiga mawili, na mbele, juu ya mkono wa kukokotea, umefungwa mtungi wa chuma uliokuja nalo melini. Bomba jembamba la shaba lilitoka kwenye mtungi, likapita chini ya trela, likatoboa sakafu na kuingia kabatini chini ya jiko.

Fundi Athumani aliuzunguka mtungi ule kama mtu anayeonyeshwa mkwe mtarajiwa. Kisha akauchukua hadi uwanjani, mbali na moto wote, akafungua koki kidogo tu, akafunga. Akanusa akiwa amesimama. Akachuchumaa, akanusa. Mwishoni, mzee yule na unene wake, akalala kifudifudi juu ya changarawe, kofia yake nimeishika mimi, akanusa.

"Katana, ndoo ulale hapa," akaniita kwa Kimvita chake.

Nikalala. Nilipigwa na harufu ya yai viza.

"Ile ya mawe haikai tini," akasema. "Hii yashuka, yatafuta mahali pa kukaa kama mgeni aliyechoka. Kuanzia leo, trela hili twalipima kwa tumbo."

Tukalipima kwa tumbo. Tulipaka sabuni kila kiungo kuanzia mtungi hadi mafiga, tukangoja, tukalala sakafuni kwa zamu. Safi. Likapakwa rangi nyeupe, likakabidhiwa kwa Bi Eliza.

Bi Eliza alikuwa mkunga, mtu wa Rabai, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Misheni ilimpa trela azungukie Kisauni, Utange hadi Mwakirunge, apime watoto na kutazama wazazi. Jiko alilihitaji kuchemshia vyombo na vitambaa. Lori lilikuwa likimvuta, linamwacha, linarudi kumchukua. Akina mama waliingia kwa makundi, wakatandikiwa mkeka sakafuni, wakasubiri zamu zao.

Hazikupita wiki nyingi akaja karakana kwa lori, trela lake likivutwa nyuma.

"Lina kitu," akasema. "Mimi ninayesimama sina neno. Wale wanaokaa mkekani wanainuka vichwa vinawauma. Mwanzoni nilidhani wamekuja na njaa, nikawapa uji. Wameumwa vichwa wakiwa wameshiba."

Alikuwa ameshafikiri nusu ya kazi yetu kabla hajatufikia. Tulipima tena. Tukapaka, tukangoja, tukalala. Hakuna. Siku ya pili hakuna. Fundi Athumani alifuta mikono, akalitazama trela lilivyokaa juu ya saruji yetu, limenyooka kama askari wa gwaride.

"Hapa lina adabu," akasema. "Mwana aweza kuwa na adabu mbele ya wageni. Katana, fuatana nalo hadi Kisauni, ukalione likiwa kwao."

Nikapanda nyuma ya lori na sanduku langu la vyombo, bakuli, kipande cha sabuni na miswaki yangu. Tulivuka kisiwani, tukapita daraja la kuelea la Nyali, na huko ng'ambo lori likaanza kunesa katika mchanga wa njia ya Malindi. Dereva alituacha mahali pa siku zote, kando ya nyumba za makuti, akaondoka. Jambo la kwanza niliona gurudumu la kushoto likizama taratibu mchangani. Trela likainama, likajinyonga kidogo kiunoni. Mlango uliofunguka vizuri Changamwe sasa ulikwaruza. Nikaandika kichwani: hapa hakuna saruji.

Nilimwomba Bi Eliza asiwashe kitu. Nikafungua koki ya mtungi, nikafunga mlango na dirisha, nikangoja nje kwa muda wa kunywa kahawa, kisha nikaingia nikalala kifudifudi juu ya sakafu. Haikunichukua muda. Mgeni alikuwa amekaa.

Nikatoka upesi kwenda kufunga koki. Na hapo, nikiwa bado nimeinama mbele ya trela, nikamwona bibi mmoja mlangoni, mguu mmoja tayari juu ya ngazi. Mkononi alishika chetezo, makaa yanang'aa mekundu, moshi wa ubani unapanda. Nyuma yake alisimama msichana mwenye kanga mbili mpya, amekumbatia mtoto aliyefunikwa mpaka usoni.

"Wewe bibi! Rudi! Usiingie hapo!"

Nilipiga kelele kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Bibi akasimama. Akashusha mguu. Akanigeukia polepole, na akina mama wote waliokuwa wamekaa kivulini wakageuka naye.

"Zuhura," akamwambia yule msichana bila kuniondolea macho, "twende zetu. Hapa pana watu hawakufunzwa kwao."

Na wale wengine wakaanza kukunja mikeka. Bi Eliza alinijia mbio, akaninong'oneza kwa ukali: "Unajua ulichofanya? Mtoto yule ametoka arobaini leo. Nimeambiwa tangu juzi hanyonyi, analia tu na kuachia titi. Nimetuma watu mara ngapi kumwomba Bi Mwanasha amlete. Akirudi nyumbani leo, harudi tena. Na mtoto hana siku nyingi za kungoja."

Niliwaambia mwanzoni kwamba pua ni chombo. Ulimi nao ni chombo, na wangu ulikuwa umeteleza mkononi. Nikavua kofia, nikamfuata bibi, nikapita mbele yake, nikainama.

"Shikamoo, Bibi."

Akaniangalia nywele mpaka viatu.

"Marahaba. Hilo ndilo la kutangulia. Haya, wapigia nini makelele?"

Nikamweleza. Kwamba ndani kuna hewa isiyoonekana, nzito, imejaza sakafu kama maji yalivyojaza beseni. Kwamba makaa yake yakiigusa, trela, yeye, Zuhura na mtoto wataondoka pamoja.

"Na mimi nakwambia," akasema, "mjukuu wangu haingii pahala pageni pasipofukizwa. Arobaini yake ni leo. Wanawake wa kila namna wameingia humo, wenye jicho zuri na wenye jicho baya. Nisipofukiza, haingii."

"Apimwe hapa nje basi, Bibi," Bi Eliza akasema.

"Hapa nje, mbele ya Kisauni nzima?" Akacheka kicheko kifupi. "Wewe Eliza wamjua mtu aliyepima mwana mchanga sokoni?"

Nikaona hapa hakuna wa kushinda. Nikasema: "Utafukiza, Bibi. Lakini nipe nafasi nimtoe kwanza huyu aliyetangulia kuingia."

Akafikiri. Akaita mtoto wa jirani achukue chetezo akakiweke mbali, upande upepo unakokwenda, hilo alilijua bila kuambiwa. Kisha akatandika mkeka mchangani, akakaa, akamweka Zuhura kando yake. "Mtoe tumuone," akasema.

Tukafungua mlango na dirisha. Lakini hewa ile haipandi dirishani, lazima uifagie. Nikawaomba akina mama mikeka na mafagio. Fikirini: wanawake wazima, kanga zimekazwa viunoni, wanafagia kutoka trelani kitu ambacho hakuna anayekiona, wanakisukuma hadi ngazini, wanakifukuza mchangani.

"Fagia na hapo pembeni, Mariamu! Kimejificha!"

"Kina mkia?"

"Ungalikuwa nacho mkononi ungalijua!"

Harufu ilipokwisha, nilifungua kabati la jiko, nikafungua koki kidogo, nikachanganya sabuni kwa maji niliyopewa katika kata. Nikapaka viungo vyote. Nikangoja. Hakikutoka kitu. Hapa, wanangu, ndipo wengi wenu mngefunga sanduku na kusema "pazima." Mimi nilitazama bakuli lenyewe. Sabuni ilikuwa imeganda juu ya maji kama maziwa yaliyoharibika, hakuna povu hata la kukosha kidole. Kama bakuli halitoi povu, kiungo kitalitoa wapi?

Bi Mwanasha alikuwa amesogea mpaka mlangoni bila mimi kusikia. "Fundi yuwalala au yuwasujudu?" akauliza. Kisha akaona bakuli. "Ee, mwanangu! Maji ya kisima hiki ni chumvi. Sabuni haiyapendi. Sisi hata kanga hatuyafulii."

Ndipo nilipoelewa lile pipa la mvua la Changamwe, ambalo Fundi Athumani hakuwahi kunieleza, alidhani kila mtu amezaliwa akijua. Bibi akamtuma mtu nyumbani kwake, akaletewa maji ya mvua katika mtungi wa udongo, baridi, matamu. Nikakwangua sabuni upya. Mara ya kwanza tu kupiga, povu likajaa bakuli.

Nikapaka. Kiungo cha jiko, kimya. Kiungo cha pili, kimya. Nyuma kabisa ya kabati, pale bomba linapotoka sakafuni, paliota kichwa cha sindano. Kikawa punje ya mtama. Kikawa jicho la samaki. Kikapasuka, kingine kikaanza.

"Njoo umuone, Bibi."

Akapiga magoti kando yangu, mzee yule, akachungulia. "Huyu ndiye aliyekuwa akiwaumiza watu vitwa?"

"Ndiye."

"Mdogo hivi, na makuu yote hayo. Namjua mtu kama yeye."

Sababu ilikuwa pale pale. Kibanio kilichoshika bomba ukutani kilikuwa kimeanguka. Juu ya saruji bomba lilikaa sawa na nati ikaziba. Trela likijinyonga mchangani, bomba linavutwa pembeni, nati inapata mwanya. Nilifunga mtungi, nikafungua kiungo, nikasafisha midomo yake, nikakaza upya. Kibanio nilikikata kutoka mkanda wangu wa suruali, kwa hiyo kazi iliyobaki niliifanya nimeshika suruali kwa mkono mmoja, jambo ambalo akina mama walilitolea maoni mengi nisiyoweza kuyaandika. Halafu sikuinua gurudumu. Niliwaomba wanne wao wakae upande ule ule uliozama, trela linyongeke zaidi. Nikafungua koki, nikapaka, nikangoja muda mrefu kuliko ninavyopenda kungoja. Povu lililala juu ya kiungo, likakauka lenyewe.

"Sasa," akasema Bi Mwanasha.

Nikafunga koki, nikautoa mtungi, nikaubeba begani hadi ng'ambo ya njia, nikaukalia. Bibi akaingia na chetezo chake. Akafukiza pembe zote, kabati, kiti cha Bi Eliza, mpaka mizani. Moshi ukatoka dirishani. Alipomaliza, alikileta chetezo nje, mbali, akanipungia mkono: mlete mgeni wako. Nikaurudisha mtungi, nikaufunga, nikapaka sabuni tena pale nilipofungua. Bi Eliza akatoa kiberiti.

"Nani anawasha?"

Kwa Fundi Athumani, aliyepima ndiye anayewasha. Nikawaomba wote wasogee. Wakasogea, isipokuwa Bi Mwanasha, aliyekaa ngazini. "Nimefukiza mwenyewe," akasema. "Naogopa nini?" Nikawasha. Moto ukatoka wa buluu, mdogo, mtulivu, ukazunguka figa.

Bi Eliza akachemsha vitambaa, akanawa, akamwita Zuhura. Alipomfunua mtoto uso na kumfungua mdomo, hata mimi niliyekuwa mlangoni niliona: ulimi na mashavu kwa ndani meupe, kama amelamba chokaa.

"Si jicho wala si maziwa ya mama," Bi Eliza akasema kwa upole ambao sikujua anao. "Ni utando wa mdomoni, Bibi. Unamuuma akinyonya. Ndiyo maana analia."

Akachovya kitambaa katika dawa ya zambarau, akapaka ulimi, ufizi, mashavu. Mtoto akatoka na mdomo wa rangi ya bilinganya. Bi Mwanasha akapandisha pumzi: "Eliza! Wamtia wino?" Bi Eliza akaanza kueleza, Bibi akaanza kubisha, wanawake mlangoni nao wakaingilia, kila mmoja na dawa yake na shangazi yake aliyepona. Ilikuwa kelele kama ya soko la samaki. Ilimchukua siku kadhaa dawa ile kufanya kazi yake yote, Bi Eliza alisema hivyo tangu mwanzo na hakuficha. Lakini alimkamulisha Zuhura maziwa, akamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko kilichochemshwa, akamfundisha mama namna, kisha akamwambia amjaribu tena titini, taratibu, bila kumlazimisha.

Zuhura alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, si kwangu wala kwa Bi Mwanasha. Alijigeuza ukutani, akajifunika kanga. Kelele ziliendelea. Kisha mkono wake ukatoka chini ya kanga, umeinuka, kiganja wazi, kwetu sote.

"Nyamazeni," akasema. "Ananyonya."

Tukanyamaza, hata Bi Mwanasha.